Kutengeneza pilipili ya unga nyumbani, kwa sisi tunaoishi kando ya bahari

Mara ya kwanza kuanika pilipili zangu mwenyewe hapa Lamu, nilitupa kilo mbili nzima. Zilikuwa nyekundu za kupendeza, zinanukia, nami nikazitia kwenye kopo la plastiki nikafunga kwa nguvu. Wiki tatu baadaye nilipofungua, harufu iliyonipokea ilikuwa ya nguo mbichi zilizosahauliwa kapuni. Nilipasua moja nikakuta ndani utando wa kijivu kama pamba. Bibi yangu alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Akaichukua ile pilipili, akainusa, akasema, "Mjukuu wangu, hukukosea kutwanga, maana hata kinuni hazijafika. Umekosea kuanika."

Tangu siku hiyo nimejua kwamba pilipili ya unga hutengenezwa juani. Kinu au blenda ni kazi ya nusu saa mwishoni. Aliye Nairobi au Dodoma husaidiwa na hewa kavu. Sisi wa Lamu, Malindi, Mombasa na Unguja tunaishi na hewa ya bahari iliyobeba maji usiku na mchana. Ndiyo maana katika mwongozo huu nitakaa sana kwenye kuanika. Yaliyo mepesi nitayapita haraka.

Pilipili gani?

Kwanza tuelewane majina. Ukienda soko la Nairobi ukaomba hoho, utapewa ile kubwa ya kijani isiyowasha, ambayo wengi wetu tunaiita pilipili mboga. Kwa wazee wetu wa pwani, na katika kamusi, pilipili hoho ni hii kali. Kwa hiyo ukiagiza kwa simu kutoka kwa mkulima, taja neno "kali", usije ukaletewa gunia la mboga. Pilipili manga nayo ni kitu mbali kabisa: ni tunda la mmea unaopanda mitini, asili yake India, wala halina undugu na hoho.

Jina pilipili lilitangulia kufika hapa kabla ya hoho yenyewe. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, pilipili iliyokuwa ikiwatoa Wareno kwao ni manga. Hoho ilizaliwa Amerika, ambako watu wa Meksiko walikuwa wakiipanda maelfu ya miaka, na ni Wareno walioisambaza sana katika Bahari ya Hindi baada ya hapo. Ilipofika ikakuta jina liko tayari, ikalivaa.

Kwa unga, mimi hutafuta aina mbili. Ya kwanza ni pilipili kichaa, ile ndogo nyembamba ambayo mara nyingi husimama ncha juu kwenye mti, na inayolimwa sana upande wa Malindi na Kilifi. Ya pili ni ile ndefu nyekundu, ya urefu wa kidole, yenye ngozi nyembamba. Ukali wao hupimwa kwa kipimo cha Wilbur Scoville, mfamasia wa Marekani, ambaye mwaka 1912 alikuwa akizimua pilipili kwa maji ya sukari mpaka waonjaji wake wasihisi tena kuwashwa. Siku hizi mashine ndizo hupima, lakini namba zimebaki: ile ndefu huwa kati ya 30,000 na 50,000, kichaa kati ya 50,000 na 100,000. Pilipili mbuzi, ile ya mviringo yenye mikunjo, hupita 100,000 na inaweza kufika 350,000. Hiyo ya mwisho siianiki. Ngozi yake ni nene na ina maji mengi, hivyo huoza kabla ya kukauka, na uzuri wake mkubwa ni ile harufu ya ubichi. Iache itiwe nzima kwenye chungu cha mchuzi au iingie kwenye achari.

Mchanganyiko wangu ni sehemu tatu za ndefu kwa sehemu moja ya kichaa. Ndefu hutoa rangi na unga mwingi, kichaa hutoa moto. Kichaa peke yake huunguza ulimi kabla hujaionja pilipili yenyewe, na ndefu peke yake huwa nyekundu bila nguvu ya kutosha kwa muhogo wa kuchoma. Anika kila aina mbali na mwenzake, kwa sababu hazikauki siku moja, kisha uchanganye wakati wa kutwanga.

Chagua zilizoiva nyekundu mwili mzima. Yenye kijani kidogo hutoa unga wa rangi ya tope. Iliyoanza kusinyaa mtini haina neno, mradi haina doa jeusi wala tundu la mdudu; tundu moja ni mlango wa kuvu. Pesa zako zihesabu hivi: kilo nne mbichi hukupa takriban kilo moja kavu, na ukishatoa vikonyo na zilizoharibika, hupungua kidogo tena. Anayeanza, anze na kilo mbili. Ukiharibu, utakuwa umeharibu kidogo.

Msimu

Kaskazi ndiyo rafiki. Kuanzia katikati ya Desemba mpaka mwanzoni mwa Machi mvua ni haba na jua ni kali. Januari na Februari ni miezi ya kuanika bila wasiwasi. Masika, yaani Aprili mpaka Juni, usijaribu kabisa. Agosti na Septemba, kusi ikiwa imetulia na mvua zimepungua, unaweza kupata wiki nzuri, lakini tazama mawingu kila asubuhi. Zile kilo mbili zangu zilioza katika vuli, mwezi wa Novemba, nilipodanganywa na siku tatu za jua.

Kuanika

Zioshe haraka kwa maji safi, usiziloweke, kisha uzipanguse kwa kitambaa kikavu moja moja. Ni kazi ya kuchosha, lakini tone la maji lililojificha kwenye kikonyo ndilo huanzisha uozo. Vikonyo viache hapo hapo. Ukiving'oa sasa unaacha shimo wazi linaloingiza vumbi na kuvu. Kichaa huanikwa nzima. Ndefu mimi huzipasua kwa mkasi kutoka ncha mpaka karibu na kikonyo, bila kuzitenganisha. Wapo wanaokataa kupasua kwa sababu nzima hupendeza zaidi kuuza. Kama ni za kuuza nzima, sawa. Kama ni za unga, na wewe uko pwani, pasua. Utaokoa siku mbili tatu, na siku hizo ndizo kuvu ingekutangulia.

Mahali pazuri pa kuanikia katika mji wetu ni juu ya nyumba, pale upepo unapopita. Chini barabarani kuna punda, mbuzi na paka, na vumbi la samadi hupeperuka. Wala usitandaze moja kwa moja kwenye bati au sakafu ya saruji: juu zitaungua, chini zitabaki mbichi kwa sababu hewa haipiti. Bibi alitumia kitanda cha kamba kikuukuu, juu yake jamvi lililofumwa wazi wazi, na mpaka leo sijaona kifaa kinachokishinda. Kamba huruhusu upepo kupita chini na jamvi hunyonya unyevu. Asiye na kitanda cha kamba anaweza kutandika wavu safi juu ya fremu ya mbao na kuinua kwa matofali manne.

Tandaza safu moja tu, zisipandane. Zigeuze mara tatu kwa siku: zinapopata jua la kwanza, adhuhuri, na alasiri. Juu yake funika chandarua safi kuzuia nzi. Na ndege pia. Watu hudhani pilipili hujilinda yenyewe, lakini ndege hawahisi ule muwasho. Shore hula kichaa kama sisi tulavyo tende, na mbegu hupita tumboni mwake salama. Ndiyo sababu unakuta mche wa pilipili umeota chini ya mti ambapo hakuna mtu aliyepanda. Kunguru yeye hali sana, ila hutawanya na kuchafua.

Saa za kuanika zishike kwa ukali. Toa nje saa tatu asubuhi, umande ukishakauka. Ingiza saa kumi na moja jioni, kabla upepo wa bahari haujapoa. Pilipili iliyoachwa nje usiku hunywa umande na kurudisha maji yote uliyoyatoa mchana. Siku tano za namna hiyo ni sawa na siku mbili. Usiku zikae ndani, kwenye uteo, au ungo kama mnavyouita wengine, zimefunikwa leso kavu. Zisikae jikoni kwenye mvuke wa wali. Zisiingizwe kwenye mfuko wa nailoni hata kwa usiku mmoja, maana zitatoka jasho humo.

Baada ya siku ya tatu fanya jambo ambalo wengi hawalijui: zikinge na jua la moja kwa moja kwa kitambaa chepesi cheusi, au zisogeze kivulini penye upepo. Rangi nyekundu ya pilipili hufa kwa mwanga. Unga uliopauka kama matofali ya zamani mara nyingi ulianikwa wazi mpaka siku ya mwisho. Upepo wa kaskazi unatosha kumaliza kazi iliyobaki.

Kichaa huchukua siku tano mpaka saba. Ndefu zilizopasuliwa, hivyo hivyo. Ndefu nzima, wiki moja mpaka siku kumi, na wakati mwingine zaidi. Mvua ikikukuta katikati, ziingize kwenye oveni kwa nyuzi 55 mpaka 60, mlango umeachwa wazi kidogo ili mvuke utoke, uzigeuze kila saa. Asiye na oveni aweke uteo juu ya jiko la makaa yaliyofifia na kufunikwa jivu, kimo cha mkono mmoja kutoka juu ya moto. Zitapata harufu ya moshi, lakini zitapona.

Kujua kama zimekauka kweli

Hapa ndipo nilipoanguka mimi, kwa hiyo nisikilize vizuri. Pilipili hukauka ngozi kwanza, ikagwaruza kama karatasi, huku ndani karibu na kikonyo pakiwa bado laini. Mkono unakwambia tayari, nayo si tayari.

Chukua moja nzima uitikise sikioni: mbegu zilie. Kisha ikunje: ivunjike kwa mlio, isipindike kama ngozi ya kiatu. Kisha ivunje pale penye kikonyo, mahali panapokauka mwisho kabisa, na uguse kwa kidole ndani.

Zikipita hapo, fanya jaribio la chupa. Jaza chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, ifunge, iweke ndani ya nyumba usiku mmoja na mchana mmoja. Ukiona ukungu au vitone vya maji kwenye kioo kwa ndani, zirudishe zote juani siku mbili, kisha urudie. Jaribio hili halidanganyi, na halikugharimu chochote.

Ukiona yenye utando wa kijivu, kijani au weusi wa unga unga ndani, itupe nzima. Usikate sehemu mbovu ukabakiza nzuri, na usijipe moyo kwamba moto utaua. Kuvu hizi zinaweza kutoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na haiondoki kwa kupikwa wala kukaangwa. Kenya tunaijua kwa uchungu: mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 katika maeneo ya mashariki. Kwenye pilipili tunakula kidogo kidogo, lakini kila siku, na hatari ya kidogo kidogo ni kwamba hakuna anayeiona.

Kutwanga

Sasa ng'oa vikonyo. Kikavu hutoka kwa kukizungusha tu. Kuhusu mbegu, wengi wanaamini ukali umo ndani yake. Hapana. Kitu kinachowasha, kapsaisini, hutengenezwa kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu, na mbegu hupakwa tu kwa kugusana nao. Mbegu hupausha unga na kuutia uchungu kidogo. Kwa unga wa samaki na mchuzi, ambao nataka uwe mwekundu na laini, mimi hutikisa pilipili zilizovunjwa kwenye chekecheke mpaka nusu ya mbegu zianguke. Kwa unga wa muhogo na maembe naziacha zote, kwa sababu ule ukwaruzo wake mdomoni unanipendeza.

Zikaange kavu kwenye kaango zito kwa moto mdogo, dakika mbili au tatu, ukigeuza bila kuacha. Zikianza kunukia na rangi kukolea kidogo, toa. Zikitoa moshi umechelewa: unga utakuwa mchungu na nyumba nzima itakohoa. Zimwage kwenye chano zipoe kabisa. Zikisagwa zikiwa moto hutoa mvuke, na unga hushikana kama udongo.

Kinu kiwe cha pilipili peke yake. Mti hunywa ukali na hauutoi. Kinu kilichotwanga pilipili leo kitatia moto kwenye kisamvu chako mwezi ujao. Tia konzi moja moja, na kila konzi na punje chache za chumvi ya mawe, zitasaidia kusaga. Zungushia leso mdomo wa kinu kuuzunguka mchi. Twanga taratibu, chekecha, rudisha chenga. Kwa blenda, jagi liwe kavu, usage kwa vipindi vya sekunde kumi kumi ili lisipate moto, na ukimaliza usifungue kifuniko mara moja. Subiri dakika kumi vumbi litulie. Mwenye haraka hapa hulia.

Kama mzigo ni mkubwa na unataka kupeleka kwenye mashine ya posho, mwambie mwenye mashine kabla, tena waziwazi. Unga wa mahindi wa mteja anayefuata ndio uji wa mtoto wa mtu.

Fanyia kazi nje, upepo ukikupiga mgongoni. Tunasema pilipili usiyoila yakuwashiani, lakini siku ya kutwanga jirani asiyeila huwashwa vilevile. Mpelekee salamu mapema, hasa kama nyumba ina mtu wa pumu au mtoto mchanga. Funga mdomo na pua kwa barakoa au kitambaa, vaa glavu ukiwa nazo.

Mikono iliyoshika pilipili usiikimbize kwenye maji. Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji. Inayeyuka kwenye mafuta. Jipake mafuta ya kupikia viganjani na katikati ya vidole, sugua, futa kwa kitambaa cha kutupa, ndipo uoshe kwa sabuni mara mbili. Nasisitiza hili kwa wanaotwanga alasiri kisha wakasikia adhana: ukitia udhu kabla ya mafuta na sabuni, unauchukua moto wote kutoka mikononi na kuupeleka machoni. Mama anayenyonyesha asiguse kifua wala mtoto kabla ya hapo. Vumbi likiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka, bila kufikicha, kwa dakika kumi na tano. Ukiona jicho bado limefunga au kuona kumefifia, nenda hospitali.

Mdomoni ni tofauti. Maji baridi hupoza kwa muda mfupi, kisha muwasho unarudi. Maziwa au mtindi husaidia kweli, na tui la nazi kwa sababu ya mafuta yake. Chai ya moto huzidisha, na kuna sababu. Mwaka 2021 mwanasayansi wa Marekani, David Julius, alishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuonyesha kwamba ile sehemu ya mishipa ya fahamu inayohisi joto la kuunguza ndiyo hiyo hiyo inayoamshwa na kapsaisini. Mwili hautofautishi. Kwa hiyo ukimpa aliyewashwa kahawa ya moto, unaongeza moto juu ya moto.

Kuhifadhi

Chupa za kioo zenye kifuniko kinachobana, ndogo ndogo badala ya moja kubwa. Kila ukifungua, hewa ya bahari inaingia. Chupa ndogo huisha kabla haijaharibika. Weka kabatini gizani. Pilipili kavu nzima hudumu mwaka mmoja. Unga, kwa hewa yetu, una ladha nzuri miezi mitatu mpaka sita. Kwa sababu hiyo mimi hutwanga ya miezi miwili tu na kuiacha iliyobaki nzima.

Kosa la kila jikoni: kutikisa chupa ya pilipili juu ya sufuria inayochemka. Mvuke unaingia mdomoni mwa chupa, na baada ya wiki mbili unga umekuwa donge. Chota kwa kijiko kikavu mbali na moto. Anayeweka kwenye friji asifungue chupa ikiwa baridi. Aiache mezani mpaka ipate joto la nyumba, la sivyo maji ya hewa yatageuka vitone ndani. Ukiona vidudu vidogo vya kahawia, usishangae, wapo wanaokula pilipili bila shida. Chupa mpya ukiilaza kwenye friza wiki moja kabla ya kuiweka kabatini, mayai yao hufa.

Ukilazimika kununua

Nunua nzima, usage mwenyewe. Unga ni rahisi kuchanganywa na pumba, vumbi la tofali au rangi. Nyunyiza kijiko kidogo juu ya glasi ya maji bila kukoroga. Pilipili safi huelea kwa muda na kuzama polepole. Tofali na mchanga huenda chini mara moja, na ukisugua mabaki kwa vidole utahisi chembe ngumu. Michirizi myekundu ikishuka haraka kutoka kwenye unga, kuna rangi inayoyeyuka kwenye maji, na rangi ya asili ya pilipili haiyeyuki hivyo. Lakini jaribio hili lina mpaka. Mwaka 2003 Ulaya ilikuta pilipili ya unga iliyotiwa Sudan I, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa katika chakula, na mwaka 2005 mamia ya bidhaa ziliondolewa madukani Uingereza kwa sababu ya rangi hiyo. Hiyo huyeyuka kwenye mafuta, si majini, kwa hiyo glasi yako haitaiona. Wekundu unaong'aa kupita kiasi, tena kwa bei ya chini, uache dukani.

Kuitumia

Kwa maembe mabichi, muhogo wa kuchoma na mahindi, changanya vijiko vinne vya unga na kijiko kimoja na nusu cha chumvi. Chumvi ikaange kavu kwanza dakika tano, hata kama ni ile nyeupe nzuri ya mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi. Chumvi huvuta maji ya hewani, na ukiichanganya mbichi utakuwa umeuingiza unyevu ulioupigania wiki nzima. Changanya ya wiki moja tu. Muhogo upasue ungali moto, kamulia ndimu, kisha nyunyiza. Ndimu ikitangulia pilipili hushika, ikifuata huiosha.

Kwa samaki wa kupaka wa kilo moja, pasha vijiko viwili vya mafuta, epua, ndipo utie kijiko kimoja cha chai cha unga na nusu kijiko cha manjano. Koroga mpaka mafuta yawe mekundu, kama sekunde kumi. Ukitia unga mafuta yakiwa juu ya moto mkali utaungua na kuwa mchungu, na hakuna tui litakaloficha uchungu huo. Kisha mimina kikombe cha tui zito, thomu na tangawizi zilizotwangwa, chumvi na ukwaju, rudisha motoni lipate kuwa zito, upake samaki aliyekwisha chomwa upande mmoja mmoja. Rangi ya pilipili, kama ukali wake, hutoka kwenye mafuta. Anayeinyunyiza juu ya mchuzi uliokwisha iva hupata moto tu bila rangi.

Kwa mchuzi wa kawaida wa watu sita, nusu kijiko cha chai kinatosha kuanza. Unga wa nyumbani una nguvu kuliko wa dukani uliokaa rafuni mwaka mzima, kwa hiyo usipime kwa mazoea ya zamani.

Kabla hujatwanga zote, weka kando pilipili tatu nne, zile nyekundu na nene kuliko wenzao, zilizokaushwa kwa jua na upepo bila kuingia oveni wala kaangoni. Zifunge kwenye karatasi, andika aina na mwezi. Mwishoni mwa Machi zisie mbegu kwenye trei au ndoo iliyotobolewa, zifukie kidogo tu, na miche ikifika kimo cha kidole, baada ya wiki sita hivi, ihamishe. Kwa masika ya Lamu itakuwa imeshika mizizi mvua zikiwa bado zipo, na pilipili za kwanza utaanza kuzichuma kusi ikianza kutulia.